Uliza Bei ya Nyanya, Usibebe Soko Zima

Wanachuo wenzangu, kabla hamjaniita mjuaji, naomba nianze kwa kujisema mwenyewe.

Mwaka jana projekti yangu ilikuwa programu ya simu ya kuonyesha bei za mazao katika soko la Tengeru. Mnaoshuka pale Jumatano na Jumamosi mnalijua: nyanya kwa ndoo na kwa tenga, ndizi mshare kwa mkungu, vitunguu, karoti, na kila muuzaji ana bei yake. Niliwaandikisha wauzaji kwa majina na namba za simu, nikawa naingiza bei zao kila siku ya soko. Jedwali lilikaa kwenye wingu, katika kanzidata ya PostgreSQL. Programu niliiandika kwa JavaScript. Siku ya kuwasilisha skrini ilipendeza, makofi yakapigwa, maksi zikaja nzuri.

Wiki mbili baadaye nikapita kwa mama mmoja muuza nyanya, mtu wa kwanza kabisa kukubali kuitumia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kile kidude chako nimekitoa. Kinakula bando kuliko hata WhatsApp. Halafu kuna mtu sijui katoa wapi namba yangu, ananipigia usiku anataka nyanya za mkopo."

Sijui yule mtu aliipata wapi namba. Ila usiku ule nilipofungua msimbo wangu, niliona mlango niliuacha wazi mwenyewe. Kwenye seva nilikuwa nimeandika hivi:

SELECT * FROM bei

Maana yake: nipe mistari yote na safu zote. Seva inapokea kila kitu, inakituma kwenye simu, halafu simu ndiyo inachambua ili ipate nyanya za leo. Ni sawa na kutumwa nyanya sokoni, ukarudi na soko zima kwenye bodaboda, ukaanza kuchambua nyumbani.

Tupige hesabu. Jedwali lilikuwa na mistari kama 9,000. Kila mstari ukichukua baiti 250 tu, hiyo ni zaidi ya MB 2 kila programu inapofunguliwa. Mama akiifungua mara ishirini asubuhi moja, MB 45 zimekwenda, wakati jibu alilohitaji halifiki hata KB 1. Na ndani ya mzigo huo zilikuwemo namba za simu za wauzaji wote. Kwenye skrini hazikuonekana, lakini kwenye simu zilifika. Anayejua kuchungulia kidogo anazisoma.

Kosa halikuwa la wingu wala la JavaScript. Dereva wa kanzidata, kwa mfano pg tunayoitumia kwenye Node.js, kazi yake ni kupeleka swali lako kwenye jedwali na kukurudishia majibu. Ukiuliza kivivu, anakubebea kivivu. Swali nililopaswa kuuliza ni hili:

SELECT bei, kipimo FROM bei WHERE zao = $1 AND siku = $2

Safu mbili tu, zao moja, siku moja. Zile $1 na $2 ni nafasi za thamani anazochagua mtumiaji. Dereva anazipeleka kando ya swali, kwa hiyo mtu akiandika vituko badala ya "nyanya", vituko vyake vinabaki kuwa neno la kutafutwa, havigeuki kuwa amri kwa kanzidata. Na dereva huyu, pamoja na nywila yake, anakaa kwenye seva. Hana kazi kwenye simu ya mtu.

Najua mtakachosema. "Mzee, kwanza ifanye kazi, kuboresha baadaye." Nilisema hivyo hivyo. Lakini baadaye yetu sisi ni supu, boom likichelewa, na projekti nyingine. Hakuna anayerudi. Wengine watasema kuna maktaba za msimbo zinazotuandikia maswali. Ni kweli, ila nyingi usipozichagulia safu zinaleta zote, kwa hiyo uvivu ni ule ule, umevaa suti tu.

Na hili si jambo la ufundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Namba ya mama kwenye simu ya mnunuzi asiyemjua haikuwa na lengo lolote. Ilikuwepo kwa sababu mimi niliona uvivu kutaja safu.

Tangu mwaka 1970, Edgar Codd wa IBM alipopendekeza data zipangwe katika majedwali, wazo lilikuwa kwamba mtu aseme anachotaka, na mashine itafute namna ya kukipata. Sisi tunapewa uwezo huo bure, halafu tunasema "lete vyote".

Pendekezo langu ni dogo. Kila ripoti ya projekti iwe na ukurasa mmoja unaoorodhesha maswali yote ambayo programu inayapeleka kwenye kanzidata: safu zipi, kwa nini, na jibu lina ukubwa gani. Walimu wetu siku ya kuwasilisha waulize hapo kwanza, rangi za skrini baadaye. Na sisi tusisubiri walimu, tuulizane wenyewe tunapokaguliana kazi hosteli. Mtu akikuonyesha programu yake, mwambie: nionyeshe swali lako.

Mimi nimeshaandika upya maswali yangu, na namba za simu haziondoki tena kwenye seva. Mama sijamshawishi bado airudishe ile programu. Amesema atafikiria. Jumamosi nitapita tena.