Kazi si Ajira: Lugha ya Hojaji katika Nyumba za Migori na Homa Bay

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema, hata hivyo, kwamba kila swali huulizwa kwa lugha inayostahili jibu. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, wahoji wenye hojaji wamebisha hodi kwa miaka mingi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Tafiti za kaya, kwa upande wake, huteua sehemu ndogo tu ya watu hao ili kukadiria ni nani ana kazi, nani hana, nani anaugua na nani ameridhika na maisha yake. Makadirio hayo hayawezi kuwa bora kuliko maneno yaliyotumiwa kuyatafuta. La kusikitisha ni kwamba wasomi wa Kiswahili, ambao maneno ndiyo taaluma yao, wamekaa mbali na shughuli hii.

Lianze neno ‘kazi’. Mama anayeishi ufuoni Mbita huamka alfajiri, akanunua omena kwa wavuvi waliokesha ziwani, akaianika, akapalilia mahindi, akateka maji, na jioni akaenda sokoni. Akiulizwa kama ana kazi, si ajabu ajibu: “Sina kazi, niko tu nyumbani.” Mama huyo hasemi uongo. Katika Kiswahili cha Kenya, mwenye kazi ni yule ‘aliyeandikwa kazi’, na Dholuo nayo hutumia kitenzi cha kuandika, ‘ndiko’, kwa maana iyo hiyo. Kazi, kwa fahamu hii, ni jina lililo katika daftari la mwajiri. Jasho lisilo na daftari halina jina.

Wataalamu wa takwimu wana fahamu yao. Azimio la kimataifa la mwaka 1982 lilimhesabu kuwa na ajira mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata kwa saa moja katika muda unaoulizwa. Azimio la mwaka 2013 likatenganisha kazi na ajira: anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani anafanya kazi, lakini hana ajira. Kiswahili kinayo maneno mawili yanayoweza kubeba tofauti hiyo barabara. Hata hivyo, ‘ajira’ ni ndugu wa ‘ujira’, na mchuuzi wa omena hapokei ujira wa mtu yeyote. Mhoji asiyefahamu hayo humwingiza mchuuzi katika safu ya wasio na ajira, ilhali ndiye anayeilisha nyumba. Kwa mchimbaji wa dhahabu kule Macalder, anayepata leo na kukosa kesho, utata ni uo huo.

Neno ‘kaya’ nalo lina mitego yake. Kwa mtaalamu, kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na wanaopika pamoja. Kwa Mmijikenda wa pwani, kaya ni msitu mtakatifu wa wazee. Kwa Mluo wa Homa Bay, lililo karibu ni ‘dala’, yaani boma lote, na ndani yake mna nyumba, ‘ot’, ambayo kila mke huwa na yake na jiko lake. Boma la mume mmoja na wake watatu ni kaya moja au tatu? Jibu hubadilisha idadi ya watu walio nyuma ya kila sahani ya chakula. Migori, aidha, ina Wakuria wenye lugha yao, kwa hivyo tafsiri ya Dholuo pekee haitoshi.

Zaidi ya yote kuna swali la afya. Mhoji huuliza, “Kwa jumla, hali yako ya afya ikoje?” Swali hilo hufanana mno na salamu, na adabu ya salamu inajulikana: mtu hujibu ‘nzuri’ au ‘salama’ kwanza, hata akiwa ametoka kuzika, ndipo aongeze ‘ila’. Mhoji mwenye haraka huandika ‘nzuri’ na kufunua ukurasa. Ukweli wote ulikuwa katika ‘ila’.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo madogo. Mradi wa Shamba Maisha unaonyesha vingine. Mradi huo uliwahusu watu zaidi ya 700 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kupitia vituo 16 vya afya katika Kisumu, Homa Bay na Migori. Baadhi yao walipewa mkopo wa kupata pampu ya kumwagilia maji pamoja na mafunzo ya kilimo na ya fedha. Matokeo makuu, yaliyochapishwa mwaka 2022, hayakuonyesha kwamba mradi ulizidisha udhibiti wa virusi kuliko kwa wasiopewa msaada huo. Hata hivyo, njaa ilipungua na sonona ikapungua. Virusi hupimwa kwa damu, na damu haihitaji mkalimani. Njaa na huzuni hupimwa kwa maswali. Laiti maswali hayo yangekuwa butu, nafuu hiyo isingeonekana, na mradi ungehukumiwa kuwa haukufaa kitu.

Wengine hudai kwamba hojaji hutafsiriwa kisha hurudishwa katika Kiingereza ili kuhakikisha usahihi. Utaratibu huo ni mzuri lakini hautoshi. Neno ‘kazi’ likirudishwa katika Kiingereza litarudi salama salimini, na mama wa Mbita atabaki kujibu kwamba hana. Wala haifai kumwachia mhoji afasiri papo kwa papo mlangoni, kwani wahoji kumi watauliza maswali kumi tofauti.

Ikumbukwe kwamba takwimu hizi hugawa fedha. Fomula ya kugawia kaunti mapato ya taifa iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 ilitenga asilimia 14 kwa kigezo cha umaskini, na umaskini hukadiriwa kwa tafiti za kaya. Jibu lililoandikwa visivyo linaweza kuinyima zahanati dawa.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili, kuanzia zile za Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya zilizo katika kaunti hizi, ziifanye hojaji kuwa matini ya kuhakikiwa kama zinavyohakiki riwaya. Wanafunzi waende ufuoni na machimboni, wasikilize watu wanavyoita shughuli zao, kisha wakae na wanatakwimu kabla swali halijapigwa chapa. Badala ya “Una kazi?” pengine swali lifaalo ni “Jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini?” Mama wa Mbita hatakosa la kujibu.