Kuketi Juu ya Paa

Tangu hoteli za ghorofa zianze kuchomoza katika miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, yamezuka majumbani mazungumzo ambayo wazee wetu hawakuyajua. Baba hurejea saa nne za usiku na kusema kwamba alikuwa "juu". Mama huuliza: juu wapi? Juu ya paa, hujibiwa, kwenye baa mpya, mahali mtu anapoketi na bilauri mkononi huku mji mzima umelala miguuni pake. Mama hunyamaza, akafunua sufuria, na chakula kimekwisha kupoa. Leo napenda tulitazame jambo hili la juu ya paa, kwa maana aghalabu wanaolizungumza ni wale waliokwenda peke yao.

Mtindo wenyewe si mgeni nchini. Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1965, na mtu wa bara aliyepata kupanda hadi juu yake akaitazama bandari usiku, taa za meli zikimeta majini, alirudi kwao na masimulizi ya msimu mzima. Hata ilipofanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwaka 2005, baa yake ya juu iliendelea kuwa mahali pa watu kujivunia. Lakini Dar es Salaam ni mji wa tambarare. Anayetaka kuuona wote hana budi kuinuliwa kwa saruji na lifti, na ni haki ailipie hiyo lifti.

Iringa na Mbeya ni habari nyingine. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na barabara kuu iendayo Zambia hupita chini yake huko Ipogolo, karibu na mto Ruaha Mdogo. Wajerumani walipokuja kujenga boma lao hapo mwaka 1896, bila shaka walipachagua kwa jicho la askari, ili ajaye aonekane mapema. Na juu ya mji lipo Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Wenyeji husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akienda kukaa juu yake na kutafakari, na kwamba jiwe lilimpasha habari za maadui waliokuwa wakimjia. Mtoto wa darasa la nne hulikwea bila kuhema sana, akayaona mapaa yote ya mji. Mbeya nako, Loleza umesimama nyuma ya nyumba kama ukuta, kilele chake kikipita mita 2,600. Na mtu akiifuata barabara ya Chunya atafika ukingoni mahali ambapo wageni walipaita Mwisho wa Dunia, bonde la Usangu limetandazwa chini mpaka macho yachoke.

Basi mtu wa huku anapozipanda ngazi za baa, mandhari alizaliwa nayo. Anachokinunua ni kiti. Naam, nasema kiti, tena kiti cha namna ya pekee kwa mama wa nyumba: kiti ambacho akikikalia hatakiwi kuinuka kumpakulia mtu.

Jioni moja nilialikwa na jamaa yangu na mkewe katika baa ya namna hiyo mjini Iringa. Jua lilikuwa likishuka, na moshi wa majiko ulikuwa umeanza kupanda kutoka Mtaa wa Majengo. Mwenyeji wangu alijiagizia bia, kisha akamwambia mhudumu, pasipo kugeuza shingo, "Mama mletee soda." Mkewe akasema kwa upole kwamba angependa kwanza kuiona orodha. Akaisoma toka juu hadi chini, kurasa zote mbili: vileo vya kuchanganywa vya Kuba na vya Italia, vyenye majani ya nanaa, vyenye maganda ya machungwa, vyenye barafu iliyopondwa. Alipomaliza akauliza, "Ulanzi mnao?"

Kijana wa watu akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mama yake bibi huyo alikuwa mgema. Msimu wa mvua ulipoingia aliikata ncha mianzi michanga, akaifunga mbeta za kukingia utomvu, na kila asubuhi na kila jioni alirudi kuichonga tena kidogo ili isizibe. Ule wa siku ileile, mtamu, walipewa watoto kama togwa. Uliolala ukawa mkali, mkangafu wenyewe, uliuzwa kwa watu wazima. Ndoo hizo ndizo zilizomlipia binti yake ada ya sekondari, kidato baada ya kidato. Alituonyesha kwa kidole vilima vya upande wa kwao, vikiwa vimegeuka rangi ya samawati, akatueleza mahali ilipokuwa njia aliyopita na ndoo kichwani kabla ya kengele ya shule.

Mumewe aliiweka bia chini. Wameoana miaka 12, na nilimwona dhahiri kwamba habari ya ile njia alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Nami sikumstaajabia sana. Nyumbani kwao, kama kwetu wengi, bwana akiketi bibi husimama, na bibi akipata kuketi bwana amekwisha kulala. Wataongea saa ngapi?

Mwishowe bibi alichagua mchanganyiko wa Konyagi, ndimu na asali, akaunywa nusu. Hapo alifanya la busara, hata kama sababu yake ilikuwa ukali wa ndimu. Bilauri hizi zina hila. Konyagi ina asilimia 35 ya kileo, kwa hiyo toti moja ya mililita 30 ina zaidi ya mililita 10 za kileo kitupu. Mchanganyaji akitia toti tatu, bilauri ndogo yenye ua pembeni imeipita chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5, ambayo ina mililita 25. Ila bia hukaa mezani nusu saa, na hiki kitamu huisha kabla karanga hazijaletwa. Mnywaji na aulize ni toti ngapi zimetiwa. Si aibu kuuliza. Na gari, kama lipo, mwenye kuliendesha aagize juisi ya nanasi tangu mwanzo.

Kuhusu gharama sitaki kuwa mnafiki: bei za huko juu zinauma. Bibi na bwana wapatane kiasi wakiwa bado nyumbani, wakitie mfukoni, na kingine wakiache kabatini. Bilauri moja moja na sahani moja ya viazi yatosha kwa saa mbili za mazungumzo, na hakuna mhudumu atakayewafukuza.

Nendeni mapema. Jua la Mbeya huchelewa kutua kiasi cha dakika 20 kuliko la Dar es Salaam, lakini likiisha kutua baridi haichelewi, hasa mwezi wa Juni na wa Julai, na baa za juu ya paa nyingi hazina kuta. Bwana avae koti, bibi achukue kitenge cha pili. Watoto waachwe kwa shangazi yao jioni hiyo. Zamu yao ni Jumapili mchana, juu ya Gangilonga, na chapati ndani ya kikapu.