Heri Boneti Yenye Shoki Kuliko Orijino Inayovunja Vidole

Wasee, leo naongea kuhusu kitu kidogo ambacho kimenikosanisha na nusu ya watu wa magari ya zamani ninaowajua: shoki za boneti. Zile fimbo mbili nyeusi unazoona kwa gari mpya, ukiinua boneti kidogo inapanda yenyewe na kukaa. Mimi nimeziweka kwa Land Rover ya guka. Nimeambiwa nimeharibu historia. Sikizeni kwanza, halafu mseme.

Gari ni Series III, ile toleo iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Guka hupenda kuwakumbusha wageni kwamba yake iliunganishwa hapa tu karibu na kwetu. Kiwanda cha Thika tunachokiita KVM kilianzishwa 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na Land Rover zilikuwa kati ya magari yaliyopita hapo. Kwa hivyo hii gari ni mtoto wa nyumbani. Kutoka Theta mpaka pale ilipozaliwa, hata tanki haitikisiki.

Shida ilikuwa boneti. Kile chuma chake cha kuisimamisha kilipinda kitambo, hata sijazaliwa. Tangu hapo imekuwa ikishikiliwa na mpini wa jembe. Juu ya boneti kuna gurudumu la akiba, zima, na rimu yake ya chuma. Mwaka jana binamu yangu alikuwa ameinama akiangalia feni belti, mpini ukateleza. Vidole viwili vikavunjika. Yeye ni kinyozi. Miezi miwili hakushika mashine, na kodi ya duka haikungoja.

Hiyo siku ndiyo niliamua. Lakini kuna kitu kingine nilikuwa sijakiona. Guka, ambaye alinifundisha kupima oili kabla nijue kusoma, alikuwa ameacha kufungua hiyo gari. Si kwa sababu ya uvivu. Mikono ilikuwa imekataa. Kuinua ule uzito kwa mkono mmoja huku unatafuta mpini kwa mwingine si kazi ya mtu wa miaka 79. Kwa hivyo alikuwa anangoja mtu apite. Na usipopita, oili haipimwi.

Sasa nikuambie tulivyofanya, kwa sababu hapa ndipo wengi huchoma.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilinunua shoki za mitumba zilizotolewa kwa mlango wa nyuma wa gari lililogongwa, maandishi yamefutika. Mchana zilishika vizuri, nikajipiga picha. Kesho yake asubuhi, ile baridi ya Julai mnaijua, boneti ikaanza kushuka polepole kama mtu anasinzia kanisani. Ndani ya shoki kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na oili kidogo. Gesi ikipoa, nguvu inapungua. Shoki ikizeeka, gesi inavuja. Shoki isiyo na namba ni kubahatisha, na unabahatisha na kichwa chako.

Namba ni zile zinazoishia na herufi N, yaani nyutoni. Mia moja za hizo ni kama kuinua kilo kumi. Mzee wa gereji akaniuliza, "Kijana, umepima boneti ama unakisia?" Tukaenda kuazima mizani ya viazi. Boneti peke yake, kilo 14. Ni nyepesi juu ni ya alumini. Gurudumu la akiba, kilo 31. Jumla 45.

Hesabu ni ile ya bembea ya watoto, hakuna uchawi. Uzito wa boneti unakaa katikati, kwetu ni sentimita 50 kutoka kwa bawaba. Shoki inasukuma karibu zaidi na bawaba, kwetu kama sentimita 20. Ikisukuma karibu hivyo, lazima isukume kwa nguvu zaidi. Kilo 45 ni kama nyutoni 450. Zidisha kwa 50, gawa kwa 20, halafu gawa kwa mbili kwa sababu shoki ni mbili. Unapata zaidi ya 560 kwa kila moja.

Nikataka kukimbia dukani. Mzee akanishika shati. "Na siku utatoa hilo gurudumu utumie barabarani?" Tukapiga tena bila gurudumu: 175 tu. Unaona hiyo tofauti? Ukiweka shoki za 560 halafu utoe gurudumu, zinasukuma boneti ya alumini mara tatu ya inavyohitaji. Kuifunga utalazimika kuilalia, na itapinda katikati. Hapo sasa ndio umeharibu historia kweli.

Kwa hivyo somo la kwanza ni hili: ondoa uzito kabla ya kutafuta nguvu. Gurudumu likahamia nyuma. Tukanunua shoki mbili mpya za 200, zilinigharimu thao tatu na soo tano.

Kuzifunga kulichukua alasiri moja. Mzee alikata vipande viwili vya bapa, akavikunja, akavifunga kwa bolti zilizokuwepo tayari. Hatukutoboa tundu hata moja. Kati ya chuma na alumini aliweka kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa sababu hizo mbili zikigusana na maji yakiingia, alumini inaliwa taratibu. Fimbo ya shoki iangalie chini boneti ikiwa imefungwa, ndio oili ya ndani ilowanishe ile sili isikauke. Na shoki ikikufa, usiichomelee, usiikate, usiitupe kwa moto wa takataka. Hiyo gesi bado iko ndani imekasirika.

Sasa turudi kwa malalamiko. Jamaa mmoja anayependa magari ya zamani aliniambia Land Rover yenye shoki haiwezi kupeleka mtu popote pa maana. Anamaanisha yale mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza Nairobi 1970, ambapo majaji hufungua boneti na kuchungulia kila kona. Sina shida na hayo. Ni kazi nzuri, na kuna watu wametunza magari kwa miaka wakiyangojea. Lakini gari la guka haliendi kwa majaji. Linaenda kuchukua chakula cha ng'ombe.

Na hiyo orijino tunaabudu, hebu tuiulize ilitoka wapi. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza 1948, vita vimeisha juzi, chuma cha bodi ni cha kutafutwa. Wakatumia alumini kwa sababu ndiyo ilikuwa inapatikana. Yaani gari lenyewe lilizaliwa na watu waliojipanga na walichonacho. Hiyo kwetu tunaiita jua kali. Huyo jamaa hakulalamikia mpini wa jembe miaka yote hiyo. Mpini wa jembe pia haukutoka kiwandani.

Nakubali kitu kimoja kwake. Kuna vijana wanachukua gari la zamani, wanatoboa kila mahali ndio video ipendeze, wakichoka wanaliuza kama chuma chakavu. Hilo ni kosa, na haya magari hayarudi. Sheria yetu hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo huwezi kuamka ukaagiza Series III kama unaagiza Vitz. Zilizobaki ndizo hizi. Ndio maana mimi nasema badilisha, lakini kwa njia inayoweza kurudishwa. Zetu zinatoka kwa spana moja, dakika kumi, na hakuna atakayejua zilikuwa hapo. Na kile chuma cha zamani tulikinyoosha, kiko mahali pake. Ukifanya kazi ndefu chini ya boneti, kitumie pia. Shoki haikupi onyo ikiamua kufa.

Wiki iliyopita nilitoka chuo nikapata boneti imefunguliwa na hakuna mtu amenipigia simu. Guka alikuwa ameinama na kitambaa, anafuta kijiti cha oili. Akaniangalia, akasema oili iko chini, na ni mimi niliyeendesha wiki yote.

Hakunishukuru kwa shoki. Alinituma dukani nikanunue lita moja.