Mikongo miwili, mtaro mmoja

MAONI YA WIKI
Na Rehema Kibwana

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa, na ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafunga milango kwa umma siku mbili. Kenya nayo iliguswa, ila mkononi ilikuwa na TEAMS, mkongo unaotoka Mombasa kwenda Fujairah bila kupita kusini.

Ile ilikuwa hitilafu, si matengenezo. Hata hivyo, kampuni zinazofukua na kufumua mikongo ya nchi kavu kwa matengenezo zina la kujifunza hapo: thamani ya njia ya pili.

Wateja hudhani huduma huokolewa na fundi mwenye mkono mwepesi. Si hivyo. Uzi wa kioo una unene wa sehemu ya nane ya milimita. Mashine huuchomelea kwa dakika chache tu, lakini mkongo mmoja huweza kubeba nyuzi 96 au zaidi, na kila kiungo lazima kipimwe. Saa zinakwenda. Kinachookoa huduma ni kuhamishia mawasiliano upande wa pili wa mzunguko, yaani njia mbadala, kabla mkasi haujagusa kitu, na kuhakikisha upande huo unahimili mzigo wote.

Kampuni nyingi hufanya kazi hiyo ya kukata na kuunga baada ya saa 6 usiku. Vyema, lakini usiku wa nani? Hospitali hailali, na abiria wa basi la alfajiri anataka tiketi yake ya mtandao. Kampuni makini hupanga mapema saa ya kusitisha: ikifika saa 10 alfajiri kazi haijakaa sawa, kila kitu kirudishwe kilivyokuwa. Ujumbe kwa wateja nao utangulie siku kadhaa, usiwafikie wakiwa gizani. (Na mwisho wa mwezi, wakati wa mishahara, nyuzi ziachwe zilivyo.)

Udhaifu mkubwa uko kwenye hiyo njia mbadala yenyewe. Kwenye ramani mikongo ni miwili. Ukifika darajani unaikuta imelala mtaro mmoja, ikingoja kijiko kimoja cha mkandarasi wa barabara. Kwa hiyo benki au hospitali inaposaini mkataba, isiridhike na ahadi ya asilimia 99 ya upatikanaji. Idai kuonyeshwa ni daraja lipi, na nguzo ipi, njia hizo mbili zinapokutana.