Hiyo Chupa ya Dawa ya Kupe Iondoke Jikoni

Mvua ikipiga siku mbili tu hapa Buna, chungu wameshahamia ndani. Wako kwenye kopo la sukari, wako kwenye kikombe cha mtoto, wako mpaka kwenye mkeka wa kuswalia. Na kabla jua halijapanda, kuna mtu ameshatumwa dukani kununua "ile dawa". Hata jina haulizwi. Ni dawa ya kupe, ile ya kuogesha mbuzi na ngamia, imepunguzwa kutoka mtungi mkubwa ikatiwa kwenye chupa ya soda. Haina lebo, haina kipimo, haina tarehe. Inamwagwa sakafuni asubuhi, jioni mtoto anatambaa hapo hapo.

Mimi nasema hiyo chupa haina kazi ndani ya nyumba ya mtu. Najua kuna wenye maduka watanuna, wanune tu.

Fikiria kitu kimoja. Dawa nyingi za kupe ukizichanganya na maji zinageuka nyeupe kama maziwa. Sasa sisi ni watu wa maziwa. Mtoto wa Buna amezaliwa akiona kitu cheupe kwenye chupa, anapewa, anakunywa. Halafu wewe unaweka sumu nyeupe kwenye chupa ya soda, unaisukuma nyuma ya jiko, unategemea mtoto wa miaka mitatu ajue tofauti? Wewe mwenyewe usiku, taa imezima, ungejua?

Na uchungu zaidi ni kwamba haifanyi ile kazi unayodhani. Wale chungu unaowaona kwenye mstari ni vibarua tu. Malkia hayuko kwenye mstari. Yuko chini, ndani ya shimo, anataga mayai, na vibarua wengi bado wako naye. Ukimwaga dawa juu unaua waliotoka kazini siku hiyo, unafurahi, wiki ijayo wengine wanafuata njia ile ile. Tena kuna aina ya chungu wadogo wa rangi ya manjano, wanaitwa chungu wa Farao, ambao ukiwapulizia dawa kali kundi lao hugawanyika. Ulikuwa na kiota kimoja, sasa una vitatu. Umelipa pesa kuongeza wageni.

Ayeeyo zetu hawakuwa na haraka hii. Ukimuuliza mzee hapa kuhusu quraanjo, atakukumbusha kwanza kwamba kuna sura nzima kwenye Qurani yenye jina lake, na kwamba Mtume alikataza kuwaua ovyo, sembuse kuwachoma moto. Vijana wanacheka hiyo. Mimi sicheki. Wanachuoni wameruhusu kujikinga na mdudu anayekudhuru kama hakuna njia nyingine, sawa, lakini ukianza na swali la "nimzuieje asiingie" badala ya "nimuueje", utafika mbali zaidi. Ndiyo maana zamani chombo cha maziwa kilifukizwa moshi, kikafunikwa vizuri, kikaning'inizwa juu. Nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa ndani ya samli, kwenye chombo kilichofungwa. Si urembo ule. Ni hesabu.

Chungu haji kwako kwa chuki. Anakuja kwa sababu tatu: chakula, maji, au nyumba yake imefurika. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipojaza maji kaunti zetu za Wajir, Mandera na Garissa, kila kilichokuwa kikiishi ardhini kilitafuta pakavu, na pakavu palikuwa sakafu yako. Na kiangazi kikikaza kama ule ukame wa 2020 mpaka 2022, anakuja kunusa jerikeni inayovuja. Kwa hivyo angalia kwanza kifuniko cha jerikeni kabla hujaangalia duka.

Hapa lazima nigombane kidogo na waumbaji wenzangu wa video. Unafungua simu, mtu ana jiko la vigae, kaunta inang'aa, anakwambia "ziba nyufa zote kwa silikoni". Nyufa gani? Nusu ya nyumba za hapa sakafu ni udongo, ukuta ni udongo au mabati. Nyumba yenyewe iko juu ya kiota! Halafu kuna wale wa kumwaga petroli shimoni na kuwasha kiberiti ili video itembee. Kwenye nyumba ya fito na mikeka. Huyo si mwalimu, huyo anatafuta mazishi.

Kwa sakafu ya udongo ninachokiamini ni hiki. Kwanza fuata mstari mpaka ujue wanatokea wapi na wanakwenda wapi, usiwasumbue bado. Kilichowaleta kiondoe. Kisha futa njia yao kwa maji ya sabuni, kwa sababu wanafuatana kwa harufu. Ukifuta harufu, wanaokuja nyuma wanapotea. Pale wanapopita juu ya udongo, nyunyiza jivu kavu, ingawa likilowa halizuii tena. Kopo la sukari liweke katikati ya sinia lenye maji na tone la sabuni. Miguu ya meza iingie kwenye vikopo vya maji vile vile. Usiniambie maji ni ghali, najua, tunayanunua sote. Tumia yale uliyosuuzia vyombo, na yabadilishe mbu wasizaliane.

Wakikataa kabisa, basi wape chambo. Kuna poda ya boriki, ile ambayo wachezaji wa keram huinyunyiza ubaoni. Soma pakiti kwanza, maana poda nyingine za keram ni wanga tu. Nusu kijiko cha chai cha hiyo poda, vijiko vinane vya sukari, kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu. Chovya pamba, weka ndani ya kopo lililofungwa lenye matundu madogo, liwe juu mahali mtoto hafiki. Uzuri wake ni kwamba haiui haraka. Kibarua anakunywa, anarudi nyumbani, anawalisha wenzake na malkia. Itachukua siku kadhaa, na siku ya kwanza watajaa zaidi. Tulia. Na usizidishe poda ukidhani ndiyo ujanja, watafia njiani na malkia atabaki anastarehe. Poda hii pia ni sumu, isikae karibu na chumvi wala unga.

Kitu kingine, jamani, mchwa si chungu. Anayekula nguzo ya nyumba yako ni mchwa, na hiyo sukari hata hataigusa. Huyo anataka dawa yake ya mbao na mtu anayejua kazi.

Na ukiona hii ni hadithi ya wanawake jikoni, kuna utafiti uliochapishwa Januari 2024 kutoka Ol Pejeta, Laikipia. Chungu mgeni mwenye kichwa kikubwa aliingia, akaua chungu wenyeji waliokuwa wakilinda miiba fulani dhidi ya ndovu. Ndovu wakavunja miti, simba wakakosa pa kujificha, pundamilia wakawa wanawaona mapema, na simba wakaanza kuwinda nyati zaidi. Simba amebadilishiwa chakula na chungu. Kwa hivyo tusidharau, na tukague magunia yanayoshuka kwenye lori.

Lakini wa kubanwa zaidi ni muuzaji. Sheria ya Kenya ya dawa za wadudu, Sura ya 346, inataka dawa iwe imesajiliwa na iuzwe ikiwa na lebo. Chupa ya soda si lebo. Mfugaji anayehitaji dawa ya kupe anunue chupa ya kiwandani, aifungie mbali na jiko, aitumie kwa mifugo. Mama anayelalamikia chungu asiuziwe hiyo kabisa. Wazee wa soko wanaweza kulisema hili wiki hii hii bila kungoja mtu kutoka Nairobi.

Na ikitokea mtoto amekunywa: usimtapishe, usimpe maziwa ati yakate sumu. Mtoe kwenye nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mkimbize hospitali hapo hapo hata kama anaonekana mzima. Chupa nenda nayo. Daktari atauliza amekunywa dawa gani, na kwa chupa isiyo na lebo, hata wewe uliyeinunua huna la kumjibu.