Farasi ni kocha, si pambo la picha

MTOTO mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hawezi kukaa kitini bila kushikwa, akipandishwa mgongoni mwa farasi anaanza kazi palepale. Farasi akipiga hatua, mgongo wake unacheza mbele na nyuma, kushoto na kulia. Nyonga za mtoto zinafuata, karibu sawa na za mtu anayetembea. Ili asianguke, misuli ya kiuno na shingo inalazimika kujipanga. Ni mazoezi magumu hayo, ila mwenyewe anajua anacheza tu.

Bahati mbaya, wadau wengi wa michezo nchini wakisikia farasi wanawaza matajiri na picha za sherehe. Wakisikia tiba, wanasema hiyo ni kazi ya hospitali. Wanakosea.

Mwaka 1944, Lis Hartel wa Denmark, mpanda farasi mahiri, alipatwa na polio akiwa mjamzito. Miguu yake kuanzia magotini kwenda chini haikupata nguvu tena. Wengi waliona mechi imeisha. Yeye akarudi kwenye tandiko.

Olimpiki ya Helsinki, 1952, ndiyo ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi. Hartel, aliyehitaji kusaidiwa kupanda na kushuka, akawaacha maofisa wa jeshi na kutwaa medali ya fedha. Mwaka 1956 akairudia.

Mfano wake ulisukuma tiba hii Ulaya. Mwaka 1996, pale Atlanta, mchezo ukaingia Paralimpiki. Leo wenye ulemavu mkubwa zaidi wanashindana farasi akitembea tu, bila kukimbia. Yaani hatua zilezile za mtoto kwenye tiba ndizo zinazoleta dhahabu.

Farasi si muujiza, hafuti mtindio. Anatakiwa awe mpole, mtoto avae kofia ngumu, mmoja ashike kamba na wawili watembee pembeni. Daktari aseme kwanza, maana wapo ambao mgongo au nyonga zao haziruhusu.

Hoja ya gharama ni ya kweli, lakini farasi wapo. Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi. Majirani wa Nairobi wana uwanja wa mbio wa Ngong. Viongozi wa michezo ya walemavu wakae na wenye farasi na watu wa mazoezi ya viungo, waombe asubuhi moja tu kwa wiki.

Kila mashindano makubwa yakiisha, lawama ni zilezile: medali ziko wapi? Medali nyingine zimekaa nyumbani, zimeegemezwa mito, zinasubiri mtu wa kuzipandisha farasi.