Risasi haiozi
Makala yako kuhusu kusafisha udongo wenye sumu ni nzuri, ila pale uliposema "kupanda miti ya kufyonza sumu" umenipoteza kidogo, maana sumu hazifanani. Mafuta ya petroli yakimwagika, bakteria watayala taratibu. Risasi ni elementi. Hakuna mdudu wa kuivunja. Owino Uhuru hapa Mombasa, ambako betri kuukuu ziliyeyushwa hadi 2014, risasi iliyotua kwenye udongo itabaki risasi mpaka mtu aishughulikie.

Kuchimba na kuhamisha ndiyo njia ya haraka, lakini unahamishia kwa nani? Na vumbi la malori je, katikati ya nyumba za watu? Kuosha udongo kwa mitambo hufaa penye mchanga na kokoto, kwa sababu sumu hung'ang'ania chembe ndogo za mfinyanzi. Hizo unazitenga, uliobaki unaurudisha.

Iliyonivutia zaidi ni ya South Prescott, Oakland, Marekani. Walisaga mifupa ya samaki (naam, mifupa!) wakaichanganya na udongo wa viwanja vya watu, kisha wakafunika kwa udongo safi. Fosfati ya mifupa huishika risasi ikawa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, hivyo hata mtoto akilamba mkono wenye vumbi, tumbo halifyonzi nyingi. Risasi haijaondoka, imefungwa tu. Lazima upimaji uendelee.

Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi wa Owino Uhuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza eneo lisafishwe. Mwandishi, tuandikie basi kuhusu hilo la pili.